Tunguu, Ngomeni na umbo la mvuto usioonekana

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, ingawa mnavyonijua nitakutana nayo huko huko njiani. Kuna mambo mawili ambayo kila nikiyataja pale Jaws Corner, kahawa mkononi, naambiwa natunga. La kwanza ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Unguja ilikuwa na kituo cha Marekani cha kusikiliza vyombo vya angani, na kituo chenyewe kilikuwa Tunguu, upande huo huo wanakoshuka leo wanafunzi wa SUZA kwenye daladala. La pili ni kwamba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka mwambao wetu huu huu, Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na jina lake ni neno la Kiswahili.

Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote mawili yananifikisha kwenye swali moja ambalo limenikaa kichwani tangu nilipoanza kulisoma. Mvutano wa dunia, wa jua, wa galaksi nzima, hauonekani. Hauna rangi wala ukingo. Sasa hao wanaosema kwamba mvutano wa galaksi fulani ni bapa kama chapati, na wa nyingine umerefuka kama embe, wamejuaje? Jibu lao ni fupi: tazama kinachozunguka ndani yake. Lakini jibu hilo fupi lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa kwetu.

Tuanze na Tunguu. Mwaka 1958 Marekani ilianzisha mradi wa kumpeleka binadamu angani, ikauita Mercury, jina la ile sayari ambayo wataalamu wetu wa falaki wanaiita Utaridi. Tatizo lao kubwa lilikuwa mawasiliano. Chombo kikiwa kilomita mia mbili hivi juu ya ardhi kinakwenda karibu kilomita nane kwa sekunde, kwa hiyo aliye chini anakipata kwa muda mfupi sana. Piga hesabu mwenyewe: kutoka kinapochomoza kwenye upeo wa macho hadi kinapozama ni dakika zisizozidi saba hivi. Ndipo ukafumwa mlolongo wa vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati ya hivyo vikiwa melini. Florida, Bermuda, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, Zanzibar, meli katika Bahari ya Hindi, Australia, kisha Pasifiki na kurudi Marekani. Kano inamwachia Zanzibar, Zanzibar inamwachia meli.

Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kama nchi ya hifadhi, ilikubaliana na Marekani kituo kijengwe hapa. Wamarekani walikuwa wameufunga ubalozi wao mdogo wa Zanzibar mwaka 1915. Mwaka 1961 wakaufungua tena. Kituo cha Tunguu hakikuwa na rada. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mwanaanga kwa redio na kupokea takwimu za chombo na za mwili wake, kama vile mapigo ya moyo.

Lakini nani angeamini? Chama cha ZNP, yaani Hizbu, ambacho katibu mkuu wake wakati huo alikuwa Abdulrahman Babu, kilipiga kelele dhidi ya kituo hicho, na maneno yaliyoenea mitaani ni kwamba Wamarekani wanaweka kambi ya maroketi. Siku hizi ni rahisi kuwacheka watu hao. Mimi siwacheki. Roketi ya Atlas iliyotumika kuwapeleka wanaanga wa Mercury kwenye njia ya kuizunguka dunia ndiyo hiyo hiyo iliyobuniwa kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Kuhusu Tunguu penyewe walikosea, kwani hapakuwa na roketi wala bomu. Kuhusu ukoo wa chombo kinachopita juu ya Tunguu hawakukosea hata kidogo.

Septemba 13, 1961 kilipita chombo kisicho na mtu. Novemba 29 mwaka huo huo akapita sokwe aitwaye Enos, akazunguka dunia mara mbili. Halafu ikaja Februari 20, 1962. John Glenn alirushwa kutoka Florida wakati saa zetu zikiwa saa kumi na moja na dakika 47 jioni. Nusu saa hivi baadaye alikuwa juu yetu, akizungumza na Tunguu. Nilipoipeleka tarehe hiyo kwenye kalenda ya Hijria nikakuta ni katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381. Maana yake mwanaanga alipita juu ya Unguja wakati mji mzima unasubiri adhana ya magharibi, uji uko mezani. Yeye akaendelea mbele juu ya Bahari ya Hindi, na huko ndiko alikoliona jua likizama kwa mara ya kwanza akiwa angani.

Alizunguka dunia mara tatu, kila mzunguko dakika 88 na nusu hivi. Hapa ndipo fizikia inapoanza kuwa tamu. Mzunguko wa pili haukupita pale pale ulipopita wa kwanza. Sababu kubwa inajulikana: wakati yeye anazunguka, dunia nayo inageuka chini yake, kwa hiyo njia yake ardhini ilisogea magharibi nyuzi 22 hivi kila mara. Sababu ya pili ni ndogo na ndiyo iliyonivuta. Dunia si duara kamili. Inageuka, na kwa kugeuka imetuna tumboni, ikweta. Kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378, lakini hadi kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tofauti ya kilomita 21, zaidi ya Kilimanjaro tatu zilizobebana. Utuno huo unaivuta pembeni njia ya kila chombo kinachozunguka kwa mshazari, kiasi kwamba bapa la njia yenyewe linageuka taratibu. Kwa njia kama ya Glenn, hesabu inatoa nyuzi saba na nusu hivi kwa siku. Yeye alikaa juu saa tano kasoro dakika tano, hakuhisi kitu. Setilaiti ikikaa mwaka mzima, mabadiliko hayo yanakuwa makubwa, na ukiyapima unaweza kuisoma dunia ilivyotuna bila kushika futi kamba.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Waingereza waliifuatilia njia ya Sputnik ya pili, iliyorushwa na Warusi Novemba 1957, na mwaka 1958 wakasahihisha kipimo cha ubapa wa dunia ambacho wapimaji wa ardhi walikihangaikia kwa karne mbili. Machi 1958 Wamarekani wakarusha Vanguard 1, mpira mdogo wa kilo moja na nusu hivi. Kwa kutazama jinsi njia yake ilivyopanda na kushuka, mwaka 1959 wataalamu wao walitangaza kwamba dunia ina umbo la pea kwa mbali sana, upande wa kaskazini umechongoka kwa mita zinazohesabika kwa makumi tu. Mita, siyo kilomita! Kutoka kwenye kijimpira kinachopita juu. Hapo hawakuwa wakipima udongo na mawe. Walikuwa wakipima uga wa mvutano, yaani jinsi mvuto unavyozidi na kupungua kila upande na kila umbali. Uga una umbo lake, na njia ya kinachozunguka inafuata umbo hilo.

Tunguu hakikuishi muda mrefu. Uhuru wa Zanzibar ulikuja Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Siku ya pili yake manowari ya Marekani iitwayo Manley iliwaondoa wafanyakazi wa kituo na familia zao. Kituo chenyewe kilibaki kikisubiri hatima yake hadi Aprili, serikali ya Karume ilipotaka kiondolewe. Wamarekani wakafunga virago, wakahamia karibu na Tananarive, Madagascar, ambako nako waliondoshwa mwaka 1975. Muungano ulifanyika Aprili 26, wiki chache tu baada ya Tunguu kupewa notisi. Na Vanguard 1, ile iliyoisoma dunia kuwa pea, ishara yake ya mwisho ilisikika Mei 1964. Kijimpira hakikuanguka. Mpaka leo kinazunguka, kimya.

Sasa tupande juu zaidi, tuiache dunia. Mwaka huo huo wa 1964, wakati sisi tuna shughuli zetu, mtaalamu wa nyota mzaliwa wa Ufaransa, Gérard de Vaucouleurs, alitoa hoja kuhusu galaksi yetu wenyewe, ile Njia Nyeupe unayoiona vizuri ukienda Jambiani au Nungwi usiku usio na mwezi. Wapimaji wa Uholanzi walikuwa wamegundua mwaka 1957 kwamba kati yetu na kitovu cha galaksi kuna mkono wa gesi ya haidrojeni unaotujia kwa kasi ya kilomita 53 kwa sekunde. Jambo la ajabu. Kama gesi ingekuwa inazunguka kitovu kwa duara safi, basi ile iliyo moja kwa moja mbele ya kitovu ingekuwa inakatiza tu, haitujii wala haitukimbii. Wapo waliodhani kitovu kimelipuka na kuirusha. De Vaucouleurs akasema hapana, umbo la katikati ya galaksi yetu si duara. Lina mwamba, kama fimbo ndefu ya nyota, na gesi inapita kwa njia za duaradufu kulifuata umbo hilo. Hoja yake ilikaa pembeni miaka mingi. Mwaka 1991 James Binney na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba mwendo wa gesi katikati ya galaksi unaeleweka vizuri ukikubali mwamba huo, na leo hakuna mtaalamu anayeubishia.

Kwa nini gesi, na siyo nyota? Swali hili lilinichukua muda kulielewa, kwa hiyo nivumilieni. Nyota ni kama ngalawa baharini. Ziko mbali mno moja na nyingine, zinapishana bila kugusana, na kila moja inaweza kushika njia yake, ya mviringo, ya mshazari, hata ya kurudi nyuma. Gesi ni kama watu sokoni Darajani siku ya kuamkia Idi. Huwezi kwenda kinyume na wenzako. Mawingu ya gesi yakikutana yanagongana, joto linatoka, nguvu ya mwendo inapungua, na mwisho yanabaki yale tu yaliyopata njia isiyojikata yenyewe wala kukata ya jirani. Njia kama hizo ni chache, na ni umbo la uga ndilo linaloamua zipi. Uga ukiwa duara, gesi inakaa kwenye duara. Uga ukiwa na mwamba, gesi inarefuka.

Na kuna ile galaksi ambayo mimi nikiitazama picha yake nakumbuka njia ya Glenn. Inaitwa NGC 4650A, iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Ina nyota zilizokaa bapa kama sahani, na kuizunguka sahani hiyo kwa wima, kupita juu ya ncha zake, kuna pete ya gesi na nyota changa. Chukua gesi iliyoingia kwenye galaksi bapa kwa mshazari, pengine imeporwa kutoka kwa jirani. Uga bapa unaigeuza njia yake kama utuno wa dunia ulivyokuwa ukiigeuza ya Glenn. Gesi iliyo ndani inageuzwa haraka kuliko ya nje, pete inajisokota, mawingu yanagongana, na mwishowe yote yanalala kwenye sahani. Lakini kwa njia iliyo wima kabisa, hesabu ile ile inatoa sufuri. Njia haigeuzwi. Pete inadumu. Wataalamu wakaona hapa pana bahati: unapima kasi ya sahani, unapima kasi ya pete, unapata mvutano wa pande mbili za galaksi moja. Mwaka 1987 kundi moja lilipima galaksi tatu za namna hii na kusema uga wake unakaribia kuwa mviringo kama mpira. Miaka ya 1990 wengine wakairudia hii NGC 4650A na kusema hapana, ni bapa sana. Sayansi ina mabishano kuliko Jaws Corner, tofauti ni kwamba wenzetu wanarudi na vipimo.

Lakini jambo lililoshtua zaidi halikuwa umbo, lilikuwa uzito. Katika mfumo wetu wa jua, kadiri sayari ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda polepole. Utaridi kilomita 47 kwa sekunde, dunia 30, Neptune 5 na kitu. Ni kwa sababu karibu uzito wote uko kwenye jua. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mawingu 67 ya gesi katika galaksi ya Andromeda, na miaka iliyofuata wenzao wa darubini za redio wakaifuata haidrojeni baridi mbali zaidi, nje ya nyota zinazoonekana. Kasi haikushuka. Gesi ya pembezoni kabisa ilikuwa inakimbia kwa kilomita mia mbili na zaidi kwa sekunde, kama ile ya ndani. Kwa kasi hiyo ingepaswa kuruka zake, isipokuwa kama kuna kitu kizito kinachoishika. Kitu hicho hakitoi mwanga. Wanakiita maada giza, na mpaka leo hakuna aliyekishika mkononi.

Mwaka huo huo wa 1970 ndipo Ngomeni inapoingia.

Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walikuwa wameweka majukwaa mawili ya chuma baharini katika ghuba ya Ungwana, San Marco na Santa Rita, mfano wa yale ya kuchimbia mafuta. Walipataka hapo kwa sababu ya ikweta, nyuzi tatu tu kusini yake. Dunia inapogeuka, ikweta inakimbia mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure. Setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo ilirushwa Aprili 26, 1967, ambayo kwa sisi Watanzania ni sikukuu ya tatu ya Muungano. Halafu Desemba 12, 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kilo mia na arobaini hivi. Ilikuwa ya kwanza ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na siku yao.

Nawaomba msilipite jina hili haraka. Wanasayansi wa eksirei dunia nzima, Tokyo hadi Boston, wamekuwa wakilitamka neno hili la kwetu kwa miaka zaidi ya hamsini, na wengi hawajui hata maana yake. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mionzi ya eksirei haipenyi hewa ya dunia, lazima uitoke nje kuipokea. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Vingi ni vya ndani ya galaksi yetu. Lakini vingine viliangukia pale pale palipo makundi makubwa ya galaksi, kundi la Perseus, la Coma, la Virgo. Na mwanga wake haukutoka kwenye nukta moja. Ulitapakaa, umelijaza kundi zima. Palikuwa na kitu katikati ya galaksi, mahali ambapo darubini za kawaida zinaona weusi mtupu.

Ni nini? Ubishi ukazuka, na uliamuliwa na chombo kingine kutoka Ngomeni. Oktoba 15, 1974 Waingereza walirusha hapo setilaiti yao ya Ariel V, na mwaka 1976 wataalamu wake wakatangaza kwamba mionzi ya kundi la Perseus ina alama ya chuma. Chuma kilichochomwa hadi kuwa gesi. Basi ni gesi ya kweli, yenye joto la nyuzi milioni kumi hadi milioni mia, na ukiijumlisha uzito wake unazipita nyota zote za galaksi za kundi hilo.

Gesi hii ya moto haizunguki kama ile baridi. Imekaa, imeshikwa kati ya joto linalotaka kuitawanya na mvutano unaotaka kuikusanya. Ukimimina maji kwenye bakuli yanachukua umbo la bakuli, hata kama bakuli lenyewe ni la kioo kisichoonekana. Hiyo gesi ndiyo maji, na uga wa mvutano ndio bakuli. Galaksi ya M87, iliyo katikati ya kundi la Virgo, ilipimwa kwa njia hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaonekana kwamba kuishika gesi yake kunahitaji uzito unaozidi wa nyota zake kwa mbali. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, David Buote na Claude Canizares, walikwenda hatua ya pili kwa galaksi ya NGC 720. Hawakuuliza uzito tu, waliuliza umbo. Walikuta gesi imebapa kuliko inavyotarajiwa kama mvutano ungetokana na nyota peke yake. Kwa hiyo si tu kwamba maada giza ipo, ina umbo lake, na umbo hilo si la nyota.

Nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Gesi si shahidi asiyekosea. Nyota inavutwa tu. Gesi inavutwa, inasukumwa na upepo, inapigwa na milipuko. Hiyo hiyo M87 ina shimo jeusi katikati, na mwaka 2013 waliopima mwendo wa gesi kulizunguka walipata uzito wa majua bilioni tatu na nusu, wakati waliopima nyota walikuwa wamepata karibu mara mbili yake. Picha ile maarufu ya Aprili 2019, pete ya rangi ya moto iliyosambaa kwenye simu zetu zote, ilitoa majua bilioni sita na nusu. Nyota zilishinda kesi hiyo.

Narudi nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba kazi yote hii ilipita mikononi mwa wageni, na sisi tukabaki na ubishi kama ilikuwa kambi ya roketi au la. Kituo cha Tunguu kilijengwa kwa saini ya mkoloni, wenyeji hawakuulizwa, na kilipoondoka hakikuacha maabara wala darasa. Nimekaa kwenye daladala na wanafunzi wa huko, mmoja anasoma ualimu wa sayansi, hajawahi kusikia. Namwelewa, mimi mwenyewe sikufundishwa skuli. Wakenya walipata zaidi, ingawa na wao wamelalamika miaka mingi kwamba Ngomeni imewafaidi Waitaliano kuliko wao. Roketi ya mwisho kupeleka setilaiti kutoka majukwaa yale ilikuwa ya Machi 1988. Antena za nchi kavu zimeendelea na kazi, na mwaka 2016 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mpya wenye ahadi za mafunzo na mgao. Mwaka uliofuata Kenya ikaunda shirika lake la anga.

Kazi ya kuifuata haidrojeni baridi sasa imehamia Afrika kwa kishindo. Darubini ya redio ya MeerKAT yenye antena 64, iliyozinduliwa Afrika Kusini Julai 2018, ni kati ya bora duniani kwa kupima gesi inavyozunguka galaksi. Nchi nane za Afrika zilijiunga na Afrika Kusini kama washirika wa mradi mkubwa unaoijumuisha darubini hiyo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Nimeisoma orodha hiyo mara mbili nikiitafuta Tanzania. Haimo. Majirani zetu wawili walio kwenye orodha, Kenya na Madagascar, ndio hao hao waliowahi kuwa na antena za wageni, na inawezekana nikawa natia chumvi, lakini sidhani kama ni bahati tu.

Kwa mwenye hamu, takwimu za Uhuru na za Ariel V ziko wazi kwenye mtandao, kwenye hifadhi ya NASA, bila malipo wala barua ya kuomba. Niliifungua orodha ya Uhuru usiku mmoja baada ya kufunga kurasa za gazeti, nikaishuka mstari kwa mstari. M87 imo, kwa jina la 4U 1228+12. Kundi la Perseus liko juu zaidi, 4U 0316+41.